Mgeni wa Belém

Wahenga walituachia msemo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni msemo wa heri, ila hauelezi mwenyeji huponaje, wala ni nani hasa miongoni mwa wenyeji anayepona. Nimeufikiria mara nyingi kila nilipofuatilia historia ya jiu-jitsu ya Brazil, mchezo nilioucheza kwa miaka kadhaa nikiwa ughaibuni. Historia hiyo, kama inavyosimuliwa kwa wanafunzi wapya wakiwa bado wanafunga mikanda yao myeupe, huanza na mgeni mmoja.

Mgeni huyo ni Mitsuyo Maeda, aliyezaliwa mwaka 1878 katika mkoa wa Aomori, kaskazini mwa Japani. Alipokuwa kijana alikwenda Tokyo na kujiunga na Kodokan, shule ya judo iliyoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882. Kano alikuwa mtu wa elimu. Alizichukua mbinu za kale za kupigana mikono mitupu, akaziweka kando zile za kuvunja na kuua katika mazoezi ya kila siku, na kwa njia hiyo akawawezesha wanafunzi kushindana kwa nguvu zao zote bila kuumizana. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa. Mbinu hatari unayoizoeza hewani tu hutajua kamwe kama unaiweza. Mbinu ya kiasi unayoijaribu kila jioni juu ya mtu anayekataa kuangushwa, hiyo utaijua. Katika nchi za nje enzi zile watu hawakutenganisha judo na jiu-jitsu, na wengi waliuita mchezo huo jiu-jitsu ya Kano. Ndiyo maana Wabrazil walibaki na jina la zamani ilhali wenye mchezo walikwisha kuhamia jina jipya.

Mwaka 1904 Maeda alisafiri kwenda Marekani pamoja na mwalimu wake Tsunejiro Tomita kuutangaza mchezo. Hakurudi kuishi kwao tena. Alipigana na wanamieleka na mabondia kwa malipo, jambo ambalo halikuwa mila ya Kodokan, akapita Uingereza, Hispania, Cuba na Meksiko, na huko Hispania akajipatia jina la jukwaani la Conde Koma, yaani Kabaila Koma. Mwaka 1914 akaingia Brazil. Baada ya kuzunguka akafika Belém, mji ulio karibu na mlango wa mto Amazon. Belém ulikuwa umetajirika kwa mpira wa msituni, kisha mashamba ya mpira ya Asia yakaivunja bei na fahari ikaanza kuchakaa. Jumba kubwa la michezo ya kuigiza, Teatro da Paz, lilikuwa bado linang'aa.

Kwa masimulizi ya familia ya Gracie, ni katika jumba hilo, mwaka 1917, ambamo kijana Carlos Gracie alimwona Maeda akiwaangusha watu, akatamani kujifunza. Carlos alizaliwa mwaka 1902. Baba yake, Gastão, alikuwa na shughuli za sarakasi mjini na alifahamiana na Mjapani huyo. Basi kijana akakubaliwa. Baadaye Carlos akawafundisha ndugu zake, na Hélio, mdogo wao, aliyezaliwa mwaka 1913 na ambaye inasimuliwa kwamba alikuwa dhaifu wa mwili, akageuza mbinu zitegemee wenzo kuliko nguvu. Huo ndio mnyororo tunaofundishwa: Kano, Maeda, Carlos, Hélio.

Hebu, msomaji, tuhesabu kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 familia ya Gracie ilihamia Rio de Janeiro. Kati ya 1917 na kuhama huko ni miaka michache tu, na mwanafunzi ni kijana wa umri wa kutoroka shule. Wapo watafiti wa Brazil wanaoamini kwamba sehemu kubwa ya aliyojifunza Carlos aliipata kwa Jacyntho Ferro, mwanafunzi wa Maeda aliyekuwa akifundisha pamoja naye hapo Belém. Na ukumbi wa akina Gracie ulipofunguliwa Rio, alikuwapo mtu mwingine aliyetoka katika mafunzo ya Belém, Donato Pires dos Reis. Majina haya mawili sikuyasikia hata mara moja katika miaka yangu yote ya mazoezi.

Hayo hayakunishangaza sana, maana niliwahi kuona kwa macho yangu jinsi elimu ya mgeni inavyobaki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa nikiishi katika mji mmoja wa Uingereza, na kikundi chetu kidogo kilijichangisha kumleta mwalimu wa mkanda mweusi kutoka Brazil kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Tulimwita professor, kama Wabrazil wanavyomwita mwalimu yeyote. Tulimtarajia atufundishe maajabu. Vijana walikuwa wametazama kanda za video hadi zikachakaa, na kila mmoja alikuwa na kabali yake aliyotaka kufunuliwa siri yake. Yeye akatulaza chini chali, mwenzako juu yako, na kwa saa tatu akatufundisha kitu kimoja: kugeuka ubavu, kubana kiwiko karibu na mbavu, kusogeza nyonga nyuma kiasi cha shubiri moja, na kuingiza goti katika nafasi iliyopatikana. Basi. Kisha tena. Mmoja alipomwomba aonyeshe kitu kipya, alicheka akamwambia alale chini amwonyeshe. Alimlalia kifuani kwa uzito wake wote, akamwacha atoke. Hakutoka.

Siku ya pili alitufundisha jinsi ya kumfunga mtu kiunoni kwa miguu ukiwa umelala chini yake. Ajabu ya mchezo huu ipo hapo. Katika mieleka ya kwetu aliyelala chali ameshindwa, watu wanashangilia na kwenda zao. Kwa Wabrazil hapo shughuli ndiyo kwanza inaanza, kwa kuwa miguu ina nguvu kuliko mikono, na aliye juu, akinyoosha mkono wake kizembe, kiwiko chake kinanaswa.

Jumapili jioni mgeni akapanda treni. Jumatatu tulikuwa sisi kwa sisi, kila mtu akikumbuka vyake na wawili hawakumbuki sawa. Aliyetuokoa ni mwenzetu mmoja dereva wa basi, mtu mzima, mzito, ambaye hakuna aliyemtegemea kwa lolote. Alikuwa ameandika kila kitu katika daftari la shule, pamoja na vijipicha vya watu wa vijiti. Kwa miezi mingi tulifundishwa na daftari lile. Wale waliokuja baadaye waliambiwa kwamba sisi ni wanafunzi wa professor fulani wa Rio, na kwa namna fulani ilikuwa kweli.

Basi ninaposoma habari za Ferro, ninamwona yule dereva. Brazil yenyewe ina mfano mkubwa zaidi. Maeda alikuwa na mwanafunzi mwingine, Luiz França, naye akamfundisha Oswaldo Fadda, aliyezaliwa mwaka 1921. Fadda alifundisha katika vitongoji vya Rio, huko Bento Ribeiro, mbali na fukwe za matajiri, na wasio na fedha aliwafundisha bure. Katikati ya miaka ya 1950 wanafunzi wake waliwapa changamoto wanafunzi wa akina Gracie, wakawashinda, wakitumia sana vibano vya miguu, ambavyo wakubwa wa mjini waliviona kuwa ni mbinu za watu wa pembezoni. Siku hizi vibano hivyo viko katika kila mashindano. Hata hivyo, ni familia ya Gracie iliyokuwa na magazeti, na baadaye televisheni. Rorion, mwana wa Hélio, alihamia California mwaka 1978. Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, mdogo wake Royce aliwashinda watu watatu kwa usiku mmoja katika UFC ya kwanza, na dunia ikajua. Sisemi kwamba sifa yao ni ya wizi. Walifanya kazi ya vizazi, na bila wao nisingelala chali katika mji wa Uingereza. Ninachokataa ni mnyororo uliokatwa pete ukaitwa mzima.

Kuna jambo moja ambalo bado linanisumbua. Tarehe 23 Oktoba 1951 Mjapani mwingine, Masahiko Kimura, alipambana na Hélio katika uwanja wa Maracanã. Alimkunja mkono kwa nyuma hadi ukavunjika. Hélio hakusalimu amri, na ni Carlos aliyesimamisha pambano kwa niaba ya mdogo wake. Kibano kile Wajapani wanakiita ude-garami. Wabrazil tangu siku ile wanakiita kimura, kwa heshima, na hivyo ndivyo kinavyoitwa leo dunia nzima. Kimura alikuwa mpita njia, naye jina lake linatamkwa kila jioni katika kila ukumbi. Maeda aliishi Belém zaidi ya miaka ishirini, akachukua uraia, akawasaidia walowezi wa Kijapani walioanza kufika Tomé-Açu mwaka 1929 kufungua mashamba katika msitu wa Amazon. Sijafundishwa kibano wala kabali hata moja iliyoitwa kwa jina lake. Alifariki hapo Belém tarehe 28 Novemba 1941, ikiwa imebaki karibu miaka kumi kabla ya usiku ule wa Maracanã.