Hoteli za Kisangani: hatari za kisheria na za kibiashara

Mwenye hoteli wa Kisangani akiulizwa anahofia nini, huanza na vita, na historia ya mji inampa haki. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliwashikilia mateka wa kigeni katika Hoteli Victoria. Tarehe 24 Novemba, askari wa miamvuli wa Ubelgiji walipotua, mateka walitolewa nje na baadhi yao wakapigwa risasi barabarani. Kati ya 5 na 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji, na Umoja wa Mataifa ukahesabu zaidi ya raia 760 waliouawa na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa. Hata hivyo, anayefuatilia jinsi hoteli zinavyobadilisha mikono ataona kwamba kombora hubomoa ukuta tu. Anayebaki na kiwanja huamuliwa na hati.

Sheria ya ardhi nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake. Raia wa Kongo anaweza kupewa haki ya kuitumia bila kikomo, lakini kampuni na mgeni hupewa kwa muda usiozidi miaka 25, unaoweza kuongezwa. Haki hiyo husimama juu ya cheti cha usajili. Karatasi ya mauziano iliyotiwa saini mbele ya mashahidi wa mtaa, hata ikijaa mihuri, haichukui nafasi ya cheti, na hapo ndipo warithi wa hoteli ya familia hukwama: baba amefariki, cheti bado kina jina lake au la aliyemuuzia, na kila mtoto amempangisha mtu mwingine sehemu yake. Mwendeshaji aliyepanga jengo ana ngao nyingine. Tangu Septemba 2012 Kongo inafuata sheria za biashara za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambazo humpa mpangaji wa jengo la biashara haki ya kuongezewa mkataba baada ya kuliendesha miaka miwili. Lakini kwa mkataba wenye muda maalumu lazima aombe angalau miezi mitatu kabla haujaisha. Akichelewa, haki hiyo imepotea, hata kama vitanda na jenereta ni vyake.

Mgeni anayelala hotelini naye ni chanzo cha dhima. Amri ya mwaka 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado ndiyo msingi wa sheria ya madai, humhesabu mwenye hoteli kuwa mtunzaji wa mizigo ya msafiri: anawajibika kwa wizi uliofanywa na mtumishi wake au na mpita njia. Anaokolewa na wizi wa kutumia silaha au nguvu isiyozuilika, ila ni lazima authibitishe. Kukatika kwa umeme wa SNEL, shirika la umeme la Serikali, ni udhuru dhaifu hapa, kwa sababu mji unaotegemea mitambo michache iliyozeeka ya maporomoko ya Tshopo haushangazwi na giza. Meneja asiyeandika majina ya wageni kitabuni hujiongezea hatari ya jinai: mtoto akikutwa chumbani na mtu mzima, sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 haitaridhika na jibu kwamba mapokezi hayakumwona.

Wapo watakaosema hati hazikumwokoa yeyote tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazaire. Ni kweli, na Wagiriki na Wahindi wa Kisangani walipoteza maduka yenye hati safi. Lakini kuanzia 1976 Serikali ilianza kurudisha mali, kwa sharti la kumshirikisha mwananchi, na asiyeweza kuonyesha kilichokuwa chake alikuwa na dogo mno la kudai. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilionyesha jambo hilohilo mwezi Februari 2022: Kongo ilidai karibu dola milioni 240 kwa mali zilizoharibiwa katika vita na Uganda, ushahidi ukaonekana haba, Uganda ikaamriwa kulipa milioni 40 kwa kifungu hicho. Kwa uharibifu uliofanywa na Rwanda mahakama hiyo haina mamlaka, na hapo hati haisaidii kitu.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kujisajili ni la kodi. Hoteli iliyosajiliwa hugongewa mlango na wengi: mamlaka ya kodi DGI kwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, mfuko wa kukuza utalii (FPT), idara ya uhamiaji DGM kwa wageni wa nje, shirika la haki za watunzi SOCODA kwa muziki unaopigwa baa, bila kuwahesabu watozaji wa mkoa na wa manispaa. Anayejificha huona ameponyoka, na kwa miezi michache pengine faida yake ni kubwa. Lakini OHADA haimwachii nafasi hiyo kwa muda mrefu: mfanyabiashara ambaye hajajisajili katika daftari la biashara, RCCM, hawezi kudai haki za mfanyabiashara, wala hawezi kutumia kutosajiliwa kwake kukwepa wajibu. Mwuza samaki anayemdai atamshitaki kama mfanyabiashara. Yeye akilidai shirika lililokodi vyumba ishirini, wakili wa shirika ataanza kwa kuuliza namba ya RCCM.