Maji ya kisima yanapogeuka rangi ya chai: kutu inakamata nini, inaachia nini?

Maji yametoka kisimani meupe kabisa. Ukiyaacha kwenye ndoo mpaka asubuhi unakuta yamegeuka rangi ya chai, na chini kuna tope la kahawia. Wasikilizaji wa Mwakitolyo, Kahama na Geita wanaokutana na hali hii huuliza: kisima kimeharibika, au bomba limeota kutu?

Mara nyingi si bomba. Chuma kilikuwemo tangu mwanzo. Chini ya ardhi ambako hewa ni kidogo, chuma huyeyuka ndani ya maji kama chumvi, hakionekani. Maji yakipanda juu na kukutana na hewa, chuma hicho hushikana na oksijeni na kuwa kutu, ambayo wanakemia huiita oksaidi ya chuma. Ndiyo hiyo hiyo inayoupa rangi udongo wetu mwekundu na moramu ya barabarani. Kwa kiasi kinachokutwa kisimani kwa kawaida, chuma huharibu ladha na kutia madoa kwenye nguo nyeupe, basi. Jambo kubwa ni kile ambacho kutu inaweza kukibeba.

Chembe ya kutu ikilowa haibaki kama ilivyokuwa. Molekuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili. Ikigusa uso wa kutu, huweza kupasuka: haidrojeni moja inahamia kwenye oksijeni ya kutu, na kipande kilichobaki kinang'ang'ania chuma. Hivyo uso mzima wa chembe unavikwa vipande vya maji, na vipande hivyo ndivyo vinavyofanya kazi ya mikono. Mikono yenyewe ni mingi ajabu. Gramu moja ya kutu mbichi, iliyotoka kutengenezeka ndani ya maji, ina uso unaozidi mita za mraba 200, zaidi ya uwanja wa mpira wa wavu.

Mchimbaji ataelewa haraka. Kwenye matangi ya kuchenjulia kwa sayanaidi, kaboni inakamata dhahabu iliyoyeyuka mpaka inajaa. Kutu nayo inakamata, ila mzigo wake mara nyingi ni aseniki.

Aseniki ni sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha ndani ya maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 0.01 kwa lita. Mtu akinywa maji yenye aseniki nyingi kwa miaka, ngozi hutoka madoa, viganja na nyayo hukakamaa, na hatari ya saratani ya ngozi, mapafu na kibofu huongezeka. Katika mawe yetu ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, aseniki mara nyingi imefungwa pamoja na chuma na salfa. Jiwe likiwa zima chini ya ardhi, halina shida kubwa. Likipita kwenye karasha, likawa unga, kisha marudio yake yakaachwa juani na mvuani, hewa na maji huyafungua, yakatoa tindikali na aseniki pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden wamekuta aseniki juu ya kiwango kwenye baadhi ya vyanzo vya maji katika eneo la migodi la Geita. Hiyo haimaanishi kila kisima kina sumu. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana kabisa.

Kutu basi ni rafiki? Ndiyo, lakini ina masharti. Kwanza, inajaa. Pili, maji yakiwa makali upande wa chokaa, mikono ile inabadilika chaji na kuanza kuisukuma aseniki badala ya kuivuta; na tangi la sayanaidi huwekewa chokaa makusudi, kwa hiyo maji yanayovuja hapo yasichukuliwe kirahisi. Tatu, fosfeti ya mbolea na ya baadhi ya sabuni hugombea nafasi zile zile. Nne, ambalo ndilo baya zaidi, kutu ikifukiwa kwenye tope lenye majani yaliyooza na lisilo na hewa, inayeyuka tena na kuachia mzigo wote. Ndivyo ilivyotokea Bangladesh, ambako mamilioni ya watu walichimbiwa visima vya pampu kukwepa maji machafu ya madimbwi, wakaja kugundua wanakunywa aseniki.

Dawa nayo ilitafutwa kwenye chuma. Mkemia Abul Hussam, mzaliwa wa Bangladesh, alitengeneza chujio la ndoo lenye chuma na mchanga, likampatia tuzo kubwa Marekani mwaka 2007. Nepal walitumia misumari iliyoota kutu juu ya mchanga. Yote yalisaidia, lakini chujio la misumari limeshindwa kwenye baadhi ya maji, hasa yenye fosfeti nyingi, kwa hiyo usijenge la kwako ukaliamini bila kupima.

Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Aseniki haiondoki, na maji yakipungua sufuriani inakolea zaidi. Floraidi, tatizo jingine la Shinyanga linaloharibu meno ya watoto, ni hivyo hivyo. Hiyo hupenda zaidi oksaidi ya alumini, jamaa wa lile tope jeupe linalotokea ukitia shabu kwenye maji. Na tope la kahawia la ndooni usilimwage kwenye bustani ya mchicha.

Kupima, anzia ofisi ya RUWASA ya wilaya au maabara ya ubora wa maji Shinyanga. Omba wakupe chupa yao na maelekezo. Sampuli ya kupima aseniki kwa kawaida hutiwa tindikali kidogo ili chuma kisigeuke kutu njiani. Ukipeleka maji yaliyokaa siku mbili kwenye chupa ya soda, kutu itakuwa imetua chini na sehemu ya aseniki imeshuka nayo. Wakipima maji meupe ya juu, jibu litatoka dogo kuliko unachokunywa.