Mama wa Olney na Kadi Zake za Herufi

Katika miaka ya 1740, kwenye mji mdogo wa Olney huko Buckinghamshire, Uingereza, mke wa kasisi wa parokia alishika mkasi, gundi na rangi, akawatengenezea wanawe zana za kujifunzia kusoma. Aliitwa Jane Johnson. Watoto wake walikuwa Barbara, George, Robert na Charles. Hakuwa mwalimu wa kuajiriwa, na hakuna shule iliyomtuma. Hata hivyo, ukitaka kujua mama wa zama zile alimfundishaje mtoto herufi kabla hajaenda shule, ni vigumu kupata ushahidi bora kuliko kazi ya mikono yake.

Vipande vilivyobaki ni 438. Kuna kadi za alfabeti, kuna vikaratasi vyenye neno moja moja, kuna kadi za sentensi na mafungu ya Biblia. Picha alizikata kwenye karatasi zilizochapwa, akazibandika na kuzitia rangi mwenyewe: wanyama, ndege, watu wa mitaani katika shughuli zao. Kisha akazipamba kwa karatasi ya nakshi za dhahabu. Kadi zenyewe ni ndogo, za kutosha kiganja cha mtoto. Mwaka 1744 aliandika pia hadithi, na katika kichwa chake akaeleza kwamba ni ya kusimuliwa watoto wakifika umri wa miaka mitano au sita. Mama huyu alijua vizuri lipi la umri gani.

Wazo la kufundisha kwa mchezo halikuanza naye. Mwaka 1693 mwanafalsafa John Locke, ambaye hakuwa na mtoto, alichapisha kitabu kuhusu malezi ambacho familia zilizosoma zilikitegemea kwa miaka mingi. Locke alichukia kuona mtoto akichapwa kwa ajili ya kusoma. Alishauri herufi zibandikwe kwenye mpira wenye pande nyingi, tena zianze nne tu, au hata mbili, mtoto akizizoea ndipo iongezwe nyingine.

Anasimulia habari za baba mmoja aliyekwenda mbali zaidi. Baba huyo alichukua dadu nne. Kwenye dadu moja alibandika irabu sita, maana Y nayo ilihesabiwa, na kwenye dadu tatu zilizobaki akagawa konsonanti 18. Jumla herufi 24, kwa kuwa enzi hizo I na J zilihesabiwa kuwa herufi moja, na U na V vivyo hivyo. Watoto walirusha dadu, na aliyepata maneno mengi kwa mrusho mmoja ndiye aliyeshinda. Mtoto wa kwanza, ambaye bado alikuwa akivishwa gauni la utotoni, alijua kuendeleza maneno kwa hamu yake mwenyewe, bila kukemewa wala kulazimishwa.

Ila hata Locke alikuwa akipita njia iliyokwisha kukanyagwa. Katika karne ya kwanza, Quintilian, mwalimu mashuhuri wa Roma, alilalamikia desturi ya watoto kukariri majina na mpangilio wa herufi kabla ya kuonyeshwa sura zake. Mtoto wa namna hiyo, alisema, haangalii herufi. Ulimi unakimbia mbele ya macho. Kila mzazi aliyewahi kumsikia mwanawe akiimba herufi zote bila kukosea, kisha akashindwa kuitambua moja akionyeshwa peke yake, anaelewa Quintilian alikuwa anasema nini. Dawa zake zilikuwa mbili: kumpa mtoto herufi za pembe za ndovu azichezee, na kuchonga herufi kwenye ubao ili kalamu ipite ndani ya mifereji yake bila kupotea njia. Zaidi ya miaka 1,800 baadaye, katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma humo humo, Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto mwaka 1907, na wadogo wakawa wanapitisha vidole juu ya herufi zilizokatwa kwenye msasa.

Pembe za ndovu alizozitaja Quintilian hazikuwa na asili ya Ulaya. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne hiyo hiyo ya kwanza, unaoitwa Periplus, unataja pembe nyingi zilizopatikana Rhapta, bandari ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki. Anasa ya watoto wa matajiri wa Roma ilitegemea, kwa sehemu, ndovu wa bara letu.

Mwaka 403 hivi, mtawa Jerome akiwa Bethlehemu alimwandikia Laeta, mama wa Roma, jinsi ya kumlea bintiye Paula. Barua hiyo ingeweza kusomwa kwa faida na mama yeyote leo. Mtengenezee herufi za mti au za pembe, anasema, uziite kwa majina yake, azichezee. Ajue mpangilio wake kwa wimbo, kisha uuvuruge: za mwisho uzichanganye na za katikati, ili azijue kwa macho. Mpe zawadi ndogo, mpe wenzake wa kujifunza naye, wala usimkaripie akichelewa.

Baada ya zama za Jane Johnson, kazi ya mezani kwa mama ilizidi kugeuka bidhaa. Ellenor Fenn wa Norfolk, ambaye hakujaliwa watoto wa kuwazaa, alibuni masanduku ya michezo ya herufi na maneno, na mchapishaji John Marshall wa London akayauza katika miaka ya 1780. Fedha ilikuwa imeingia katika kazi hiyo, na haikutoka tena. Bidhaa za Fenn ziliwafikia watoto wengi, na hilo ni jema. Lakini kadi ya Johnson ina kitu ambacho sanduku la duka halina: ilitengenezwa na mtu aliyemjua msomaji wake kwa jina, akijua anapenda nini na amekwama wapi.

Kadi za Johnson ziliishia Marekani, katika mkusanyo wa Elisabeth Ball wa Muncie, Indiana, mpenzi mkubwa wa vitabu vya watoto. Alifariki mwaka 1982, na zana hizo sasa zimo kwenye maktaba ya Lilly ya Chuo Kikuu cha Indiana. Zingeweza kutupwa kirahisi kabisa, kama zilivyotupwa za maelfu ya akina mama wengine. Ndiyo maana historia ya elimu ya awali imejaa majina ya wanafalsafa na waanzilishi wa shule, huku waliofundisha nyumbani hawatajwi.

Kwa hiyo wewe mzazi, au bibi, au dada mkubwa, unayekata boksi kuukuu leo na kuchora M ya mamba au N ya nanasi kwa ajili ya mtoto wa nyumbani: andika nyuma ya kadi jina lake na mwaka, kisha zikikwisha kazi uziweke mahali pakavu.