Vita vya baba yake susu haviko kwenye gemu

Wacha niseme mapema: mimi si mchezaji wa kutisha. Sina PS nyumbani. Nacheza Call of Duty: Mobile kwa simu matatu ikikwama Jogoo Road, na Jumamosi naenda kibanda cha PS mtaani, nikibahatika kupata skrini, kwa sababu wasee wa FIFA huzishika zote. Kwa hivyo usiniulize nimeua wangapi na nimekufa mara ngapi. Ni aibu.

Desemba nilikuwa Ukambani kwa susu, nimekaa chini ya mwembe nikipiga watu risasi kwa simu. Susu akaja nyuma yangu, akatazama kama dakika tano bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Na hawa wanakula saa ngapi?"

Nikacheka. "Hawali, susu. Ni gemu."

"Na mizigo yao inabebwa na nani?"

Hapo nikakosa jibu. Susu anajua anachouliza. Baba yake alikuwa keya, yaani mwanajeshi wa King's African Rifles, na alipelekwa Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Hadithi alizowaachia watoto wake hazina risasi nyingi. Zina mvua, matope, homa na kubeba vitu.

Basi niliporudi Nairobi nikaanza kujiuliza hizi gemu za vita zilianzaje, na nani aliamua vita ionekane hivi. Kumbe mlango mkubwa ulifunguliwa na Hollywood. Steven Spielberg alitoa filamu ya Saving Private Ryan mwaka 1998, na mwaka 1999 kampuni yake ikatoa Medal of Honor kwenye PlayStation. Mwaka 2002 ikaja Medal of Honor: Allied Assault, yenye ile leveli ya kushuka ufuoni Omaha huku risasi zikinyesha. Baadhi ya walioitengeneza wakatoka wakaanzisha Infinity Ward, na mwaka 2003 wakatuletea Call of Duty. Ukicheza leo unapiga vita ambayo macho yake ni ya kamera ya sinema: unamwona adui, unapiga, unasonga.

Tangu Call of Duty 2 ya mwaka 2005 hata kidonda kimerahisishwa. Ukipigwa unajificha nyuma ya ukuta sekunde chache, unapona. Kama mchezo, naipenda hiyo, sitadanganya. Lakini ona inachofuta: hakuna anayeharisha, hakuna anayetetemeka kwa malaria, hakuna kijiti cha daktari.

Na kuna wanaojua thamani ya picha hii. Jeshi la Marekani lilitoa gemu yake lenyewe, America's Army, mwaka 2002, bure kabisa, ili kuvutia vijana wajiunge. Halafu kuna Modern Warfare ya 2019, ambayo ina barabara inayoitwa Highway of Death na inasema waliowalipua watu pale ni Warusi. Barabara ya kweli yenye jina hilo iko Kuwait, na mwaka 1991 waliolipua misafara pale ni ndege za Marekani na wenzake. Hadithi yenyewe ni ya nchi ya kubuni, sawa. Lakini jina si la kubuni, na mtoto wa miaka kumi na tano pale kibandani ataamini alichokicheza.

Burma nimeitafuta sana. World at War ya mwaka 2008 inakupeleka visiwa vya Pasifiki na wanamaji wa Marekani, kisha Stalingrad na Berlin na Wasovieti. Battlefield V ya 2018 angalau ilimpa Msenegali sura nzima, ile ya wapiganaji wa Kiafrika wa Ufaransa kule Provence mwaka 1944, na niliicheza nikiwa na furaha ya ajabu. Keya lakini hayupo. Battlefield 1 ya 2016 nayo, vita yote ya kwanza, jangwa la Uarabuni limo, milima ya Italia imo, Afrika Mashariki haimo. Ilhali hapa vita iliendelea hadi Lettow-Vorbeck aliposalimisha majeshi yake Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Labda hatutoshei. Vita ya hapa ilibebwa kichwani. Waingereza waliwachukua wanaume kwa mamia ya maelfu wakawaingiza Carrier Corps, na makadirio ya waliokufa yanakaribia 100,000, wengi kwa maradhi na njaa, si risasi. Jina lao tunalitaja kila siku bila kufikiria: Kariokor, na Dar wana Kariakoo yao. Utatengenezaje gemu ya kupiga risasi kwa mtu ambaye hakupewa bunduki? (Mtu asiniambie mizigo haichezeki. Death Stranding ya 2019 kazi yake karibu yote ni kubeba mizigo, na watu wameinunua.)

Kurudi kwa susu. Nilimpigia nikamwuliza baba yake alikuwa kikosi gani. Hajui. Anakumbuka kabuti aliyorudi nayo, na hasira ya malipo, kwa sababu Waingereza walilipa kiinua mgongo cha vita kwa rangi ya ngozi. Na jina moja tu la mahali: Kalewa.

Nikalitafuta. Kalewa iko kwenye mto Chindwin. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za masika ya kule, kwenye tope, malaria na homa ya kupe wadogo, ikaifikia Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Wahandisi wakatandaza juu ya mto ule daraja la chuma la zaidi ya mita 300.

Pasaka nikamwonyesha susu picha ya setilaiti, kwa simu ile ile. Akaisogeza karibu na macho, akafuata mto kwa kidole mpaka skrini ikaruka mahali pengine, nikamrudishia.

"Kumbe ni mpana hivi," akasema. "Yeye hakujua kuogelea."