Usahihi wa Makadirio ya Jenomu

Madume wawili wa nguruwe wa aina ya Landrace wamezaliwa tumbo moja nchini Denmark. Mfugaji anataka dume la mbegu, yule ambaye mabinti zake watazaa watoto wengi kwa mkupuo. Daftari la nasaba halimsaidii: baba mmoja, mama mmoja, basi thamani yao kwa daftari ni ileile. Hata hivyo kila dume amerithi fungu lake la jeni, na mafungu hayo hayafanani. Kulisoma fungu hilo mapema, kabla dume hajapata hata binti mmoja, ndiyo kazi ya kile wataalamu wanachokiita utabiri wa kijenomu.

Nakubali "jenomu". Tunalo neno letu zuri, vinasaba, lakini limebeba nasaba ndani yake, na hapa tunataka kutenga yanayojulikana kwa ukoo na yanayosomwa mwilini. Kipande kidogo cha sikio hupelekwa maabara, chipu husoma alama kama 60,000 kwenye jenomu, kisha kompyuta huzipima kwa kundi rejea, yaani nguruwe ambao alama zao zimesomwa na rekodi zao zipo. Wanasayansi Meuwissen, Hayes na Goddard waliieleza njia hii mwaka 2001.

"Utabiri" silipendi. Mtabiri wa mvua hungoja kesho imhukumu. Thamani ya dume haingoji kesho. Imo mwilini mwake tangu mimba ilipotungwa. Tunachofanya ni kuikadiria, na ndiyo maana naandika makadirio.

Neno gumu zaidi ni "usahihi". Msomaji akiona usahihi wa 0.6 atadhani kompyuta hupatia mara sita katika kumi. Sivyo. Namba hiyo hupima jinsi makadirio na thamani halisi zinavyopanda na kushuka pamoja: 0 ni kubahatisha, 1 ni kulingana kabisa. Tatizo ni kwamba thamani halisi hakuna aliyewahi kuiona. Kwa hiyo rekodi za nguruwe wachanga kuliko wote hufichwa, wanakadiriwa, halafu rekodi zinafunuliwa na kulinganishwa. Rekodi nayo imechanganyika na chakula, joto na maradhi, hivyo ulingano huo hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha kiwango cha kurithika, yaani sehemu ya tofauti kati ya wanyama inayotokana na urithi. Chukua kiwango cha 0.09, kilicho karibu na kile cha idadi ya watoto: kipeuo chake ni 0.3. Ulingano wa 0.15, unaoonekana duni, unatoa usahihi wa 0.5. Asiyeeleza hesabu hii anampotosha mfugaji.

Kuuongeza usahihi kunahitaji kundi rejea kubwa, lenye ndugu wa karibu, na linaloongezwa wapya kila kizazi, kwa sababu uhusiano wa alama na jeni hulegea kadiri vizazi vinavyopita. Wengi sasa huunganisha nasaba na jenomu katika hesabu moja. Lakini nguruwe wa mbegu ni wa aina safi, na mabinti wanaojaza mabanda ya biashara ni chotara, hivyo makadirio ya aina safi pekee huenda yasiwafae. Ndiyo maana rekodi za chotara hao nazo zinaingizwa kwenye kundi rejea.