Kabati la Vitabu Lilikwenda Wapi?

Juma lililopita niliingia katika maktaba ya hapa Mwanza kutafuta tarehe moja tu, nikatoka baada ya saa tatu. Meza zilikuwa zimejaa wanafunzi na madaftari yao. Watu wazima tulikuwa wawili: mimi, na mzee mmoja wa kofia ya mkeka aliyekuwa akisoma gazeti la juzi, kidole chake kikifuata mstari. Kidole kile kilinikumbusha marehemu baba.

Baba alikuwa mvuvi wa Ukerewe. Alijifunza kusoma mwaka 1971, akiwa tayari na mke na watoto wawili. Darasa lilikuwa la usiku, taa ilikuwa karabai, na hakulipa hata senti moja. Mimi nilizaliwa miaka 10 baadaye, lakini habari za darasa lile nilizisikia mpaka nikazijua kwa moyo.

Mwaka ule wa 1971 haukuangukia Ukerewe kwa bahati. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ulipokuwa unakwisha, Mwalimu Nyerere alitaja sehemu sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla mwaka 1971 haujamalizika: Ukerewe, Mafia, Kilimanjaro, Pare, Masasi na Dar es Salaam. Wazee wa kisiwani walijivuna sana. Kisiwa cha wavuvi na walima mihogo kutajwa pamoja na Dar es Salaam si jambo dogo!

Tena kazi ilikuwa imekwisha kuanza huku kwetu. Tangu mwaka 1968 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa na Serikali kwa msaada wa UNESCO katika mikoa minne: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Wenye mradi ule walikuwa na akili. Hawakumpa mtu mzima kitabu cha mtoto. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa habari za pamba, wa ndizi kwa ndizi, mfugaji kwa ng'ombe, na mvuvi kwa nyavu na samaki. Baba alikuwa akicheka kwamba neno la kwanza aliloandika bila kusaidiwa lilikuwa "ngalawa", kisha akamsahihisha mwalimu, kijana wa darasa la saba, namna ya kushona wavu. Darasa zima, alisema, likampigia makofi.

Lakini mtu aliyekwisha kujua kusoma atasoma nini? Swali hilo wakubwa walikuwa wameliona mapema. Tangu mwaka 1948 kulikuwa na East African Literature Bureau huko Nairobi, iliyochapa vitabu vya lugha zetu na kushughulikia maktaba pia. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 ikaunda shirika letu wenyewe la maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu akafungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Kisha vitabu vikaanza kutoka mijini kwenda vijijini. Mkoa wa Mwanza ulikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kujaribiwa maktaba za vijiji. Tusidanganyane, nyingi hazikuwa jengo la kujivunia. Kabati, meza, na mtu wa kijijini mwenye ufunguo. Likawepo na gazeti la Kanda ya Ziwa, Elimu Haina Mwisho, lililoandikwa kwa herufi na maneno ambayo mwanafunzi wa kisomo aliyaweza.

Na redio! Hapa mniwie radhi, ninavutia kwangu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi nchi nzima. Walisikiliza kipindi pamoja, wakasoma kijitabu pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Sisi watangazaji wa leo tunaosoma salamu tangu asubuhi hadi jioni tungepaswa kuona haya kidogo.

Hesabu zilipendeza. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha wamebaki 39, na ule wa 1986 wakawa chini ya 10. Halafu sensa ya mwaka 2002 ikatukuta karibu 3 katika kila 10 hawajui. Wengine ni watoto wa miaka ya dhiki waliokosa shule. Lakini wengine walikuwa na vyeti.

Baba alikuwa na cheti. Kilitundikwa ukutani, juu ya redio. Kabati la vitabu la kijijini kwetu mimi nililikuta ghalani, limejaa chupa za dawa ya pamba, na hakuna aliyeweza kuniambia vitabu vilikwenda wapi. Gazeti nalo lilikuwa limekoma kufika. Mwaka 1994 barua ilitoka kwa kaka yangu, Geita. Baba aliigeuzageuza, akanipa. "Hebu nisomee, mwanangu, hapa pana giza." Ilikuwa saa nane mchana, tumekaa uani. Niliisoma yote, na sikutazama ukutani.

Kabla ya kutoka maktabani nilimwamkia yule mzee. "Shikamoo, mzee wangu." Akaitikia, marahaba. Nikamwambia gazeti la leo limekwisha kuletwa, lipo pale mezani, nimletee?

"Liache kwanza," akasema bila kuondoa kidole. "Hili bado sijalimaliza."