Tao Kubwa la Columbus, Indiana

Wenye jamaa Marekani wakisikia Columbus hufikiria mji mkuu wa Ohio, wanakoishi Wasomali kwa maelfu. Columbus tunayoizungumza hapa ni mji mdogo wa jimbo la Indiana, kaskazini ya Louisville, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari. Bidhaa zake lakini twazijua: ndiko makao makuu ya Cummins, wenye injini za malori na majenereta.

Aliyeiongoza kampuni hiyo kwa miaka mingi, J. Irwin Miller, alitaka mji wake ujengwe na mabingwa, na mfuko wa kampuni ukawa unalipa ada za wachoraji wa majengo ya umma. Maktaba ilichorwa na I. M. Pei, ikamalizika 1969. Mbele yake pana uwanja wa matofali mekundu. Pei alitaka hapo kazi ya mchongaji wa Kiingereza, Henry Moore, tena iwe kubwa kiasi cha watu kupita chini yake. Miller na mkewe Xenia wakaigharimia, na 1971 ikasimamishwa.

Ni tao la shaba nyeusi, kimo chake futi 20, uzito tani 5 na nusu. Lilisubiwa kwa vipande 50 huko Berlin Magharibi, kisha vikaungwa. Halina uso wala mkono. Moore alikuwa mwokotaji wa mifupa na mawe, na ukilitazama sana waona nyonga ya mnyama. Mwingine ataona mabega ya watu wawili walioegemeana. Wako wanaouliza, basi ni sanamu ya nini? Sisi tuliolelewa na nakshi zisizo na kiumbe tungekuwa wa mwisho kuuliza.

Kwangu ni mlango. Mlango wa Zanzibar hukueleza mwenye nyumba ni nani kabla hujapiga hodi. Huu hauna mwenyewe wala komeo: upande huu maktaba, ng'ambo ya barabara kanisa la 1942 alilolichora Eliel Saarinen, na apitaye haulizwi atokako. Anayeliangalia kutoka ndani ya gari hajaliona.

Wanaokwenda London wakati wa joto watalikuta nduguye Kensington Gardens, umbo lile lile kwa mawe meupe ya Italia. Moore alilitoa zawadi 1980. Lilivunjwa 1996 kwa kuhofiwa kuanguka, likasimamishwa tena 2012.